Kompyuta inasema leseni inaisha: niamini, nilipe, au nipige window upya?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkazi wa Majengo, Moshi, ameandika hivi:

"Habari za kazi. Mwaka jana nilinunua kompyuta mpakato ya mtumba hapa mjini. Muuzaji alisema imetoka Uingereza, ilikuwa ya ofisi. Ilifanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa. Sasa kila nikiiwasha kinatokea kidirisha cha bluu kinachosema leseni yangu ya Windows itaisha karibuni. Kona ya chini kulia nako vinajitokeza vitangazo vyekundu kwamba kinga ya virusi imeisha muda wake, kompyuta ina virusi vitano, nilipe kwa kadi. Juzi Word nayo imeweka mstari wa njano juu. Fundi anasema nimeuziwa mali ya wizi, na kwamba kwa shilingi elfu hamsini atapiga window upya na kuniwekea leseni ya kudumu. Humo ndani nina mitihani ya nusu muhula na hesabu za kikoba chetu. Je, kompyuta itajifunga? Na je, mimi natumia kitu cha wizi?"

Mwalimu, nianze na hofu yako kubwa. Leseni ya Windows 10 au Windows 11 hata ikiisha kabisa, kompyuta inaendelea kuwaka na faili zako zinafunguka kama kawaida. Utakachoona ni maandishi hafifu ya "Activate Windows" kwenye kona ya chini kulia, na utanyimwa kubadilisha picha ya nyuma ya skrini na rangi za madirisha. Leseni kuisha hakuzuii masahihisho ya usalama kushuka. Kuna toleo moja tu linalofanya vituko, nitalitaja mbele. Hatari ya kweli kwa mitihani yako ni mtu kupiga window upya, yaani kufuta diski na kuweka Windows mpya, kabla hujanakili faili. Kwa hiyo leo jioni chukua flashi, hamishia mitihani na hesabu za kikoba, kisha ifungue flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kama kila kitu kinasomeka. Ukishafanya hivyo, mengine yote yanaweza kusubiri hata wiki nzima.

Umeyataja maonyo matatu kwa pumzi moja, na fundi naye ameyapa yote dawa moja. Watu wengi wanapoteza pesa hapo. Kila moja kati ya maonyo hayo limetoka kwenye programu tofauti. Kabla hujauliza kama onyo ni la kweli, tafuta kwanza ni nani aliyelitoa.

Tulimalize la rahisi. Vitangazo vyekundu vya kona ni uongo mtupu. Kimoja kikijitokeza, usikibofye. Kitazame kwa karibu. Utaona alama ndogo ya kivinjari, ya Chrome au ya Edge, na pembeni yake jina la tovuti kwa herufi ndogo za kijivu, mara nyingi jina lisilo na maana yoyote. Hiyo ni arifa ya tovuti ambayo siku moja iliomba ruhusa, na mtu wa nyumbani akabofya "Allow" ili aendelee na shughuli yake. Pengine mtoto alikuwa anatafuta mpira wa moja kwa moja, pengine ni wewe ulipokuwa unatafuta mitihani ya zamani ya NECTA kwenye tovuti isiyo ya NECTA. Tangu siku hiyo tovuti hiyo ina haki ya kukupenyezea ujumbe kwenye kona ya skrini, hata ukurasa wake ukiwa umefungwa. Matapeli hupenda kujivika majina ya kinga zinazojulikana, McAfee na Norton hasa, kwa sababu kompyuta nyingi mpya zimewahi kuuzwa na matoleo ya majaribio ya programu hizo, na mtu anahisi labda ni kweli.

Hakikisha mwenyewe: fungua Settings, ingia Apps, pitia orodha ya programu zilizomo. Kama jina linalotajwa kwenye kitangazo halimo kwenye orodha, hakuna leseni ya kuisha, kwa kuwa programu yenyewe huna. Kinga inayokulinda ni ile ya Windows yenyewe, iko ndani ya Windows Security, nayo hailipiwi. Kisha nenda kwenye Chrome, bofya vitone vitatu vya juu kulia, ingia Settings, Privacy and security, Site settings, halafu Notifications. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Mimi huondoa zote bila kuchagua, kisha nazuia tovuti zisiombe ruhusa hiyo tena; sijaona familia iliyopungukiwa chochote kwa kufanya hivyo. Edge nayo ina ukurasa kama huo ndani ya Settings zake. Vitangazo vitakoma palepale.

Siku ikitokea ukurasa ukajaza skrini nzima, ukipiga king'ora na kuonyesha namba ya simu, ujue huo ni utapeli pia. Maonyo halisi ya Microsoft hayana namba ya simu. Shikilia kitufe cha Esc kwa sekunde chache, au bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uchague kivinjari na ukifunge. Usipige namba hiyo, na usikubali mgeni akuelekeze kuweka AnyDesk au TeamViewer, programu za kumwezesha mtu wa mbali kuendesha kompyuta yako. Na kama kuna mtu nyumbani aliyekwisha kuingiza namba za kadi, pigieni benki sasa hivi waizuie kadi hiyo.

Sasa kidirisha cha bluu. Hicho ni cha Windows yenyewe, na kinasema kweli. Ila ukweli wake unahusu leseni ambayo haikupaswa kuwa kwenye kompyuta ya nyumbani. Maneno "itaisha karibuni" tayari yameniambia mengi, kwa sababu leseni ya Windows inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani haina tarehe ya mwisho. Yenye tarehe ni leseni ya taasisi au ya majaribio.

Kampuni kubwa, wizara au chuo hakinunui leseni moja moja. Kinaweka seva, yaani kompyuta kuu, ndani ya mtandao wake, na kila kompyuta inajisajili kwenye seva hiyo. Mfumo huo unaitwa KMS. Usajili unadumu siku 180. Kompyuta inajaribu kuuhuisha kila baada ya siku 7, na kila ikifanikiwa hesabu inaanza upya. Tena seva haikubali kusajili Windows za kawaida mpaka iwe imeshaona kompyuta zisizopungua 25. Ni sawa na kitambulisho cha kazi: ukiwa ofisini kinahuishwa bila wewe kujua, ukishatoka hakuna wa kukihuisha. Kompyuta iliyoko sebuleni Majengo haiwezi kuifikia seva ya ofisi fulani huko Uingereza, kwa hiyo siku 180 zikikaribia kwisha, inaanza kulalamika. Umesema ilifanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa. Siku 180 ni kama miezi sita.

Leseni hiyo iliingiaje? Inawezekana diski ya ofisi ya zamani iliachwa kama ilivyo, ingawa ofisi nyingi husafisha diski kabla ya kuuza. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni kwamba aliyeiandaa kwa kuuza alipiga window kwa nakala ya taasisi, kisha akaweka kiprogramu cha kuchakachua leseni. Viprogramu vya aina hiyo hujifanya seva ya KMS humohumo ndani ya kompyuta na kuihuisha kimyakimya. Siku kinga ya Windows inapokigundua na kukifuta, na hilo hutokea sana, hakuna tena wa kuhuisha, na zile siku 180 zinaanza kuhesabika kurudi nyuma. Vingine huja na virusi vyao vya kuiba nywila. Ndiyo maana maneno ya fundi kuhusu "leseni ya kudumu" yananitia shaka. Muulize anaitoa wapi. Kama ni kiprogramu cha namna hiyo, elfu hamsini yako itakununulia kidirisha kilekile cha bluu muhula ujao.

Haya tusiyaache kwenye dhana, yaangalie kwa macho yako. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter. Kitatokea kidirisha chenye jina la toleo: Home, Pro au Enterprise. Ukiona neno Evaluation, hilo ndilo toleo la vituko nililolitaja. Ni la majaribio ya siku 90, na muda ukiisha linazima kompyuta kila baada ya saa moja. Kama ni hilo, usilisubirishe.

Rudia Windows na R, safari hii andika slmgr /xpr, ukiacha nafasi kabla ya mkwaju (/). Subiri sekunde chache. Ukisoma "permanently activated", leseni ni ya kudumu. Ukiona tarehe, basi ni ya taasisi au ya majaribio, na hiyo ndiyo siku yake ya mwisho. Halafu andika slmgr /dli na utafute neno channel. Neno linalolitangulia ndilo jibu: VOLUME_KMSCLIENT ni ile ya ofisi, OEM_DM ni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani, RETAIL ni iliyonunuliwa dukani. Piga picha kwa simu. Fundi akija, mwonyeshe picha hiyo kabla hajagusa chochote.

Nadhani utakuta VOLUME_KMSCLIENT. Sasa habari njema: kuna uwezekano mkubwa kwamba kompyuta yako ina leseni yake halali, imelala tu. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wengi wamekuwa wakiandika ufunguo wa herufi na tarakimu 25 ndani ya chipu ya bodi kuu. Diski inaweza kufutwa au kubadilishwa, ufunguo unabaki palepale. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kupitia kitufe cha Start na uandike mstari huu kama ulivyo:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi 25 zilizogawanywa makundi matano, hiyo ndiyo leseni ya kompyuta yako. Iandike kwenye daftari na usimtumie mtu yeyote picha yake, mimi nikiwemo. Ukipata mstari mtupu, igeuze kompyuta chini juu. Kampuni zinazokarabati kompyuta kwa utaratibu wa Microsoft hubandika stika yenye maneno "Refurb PC" na ufunguo wake. Mabaki ya stika ya msimbopau ya ofisi ya zamani, au alama ya pauni juu ya namba 3 kwenye kibodi, yanathibitisha tu ilikotoka. Hayahusiani na leseni.

Ukiwa na ufunguo, ingia Settings. Kwenye Windows 11 pita System kisha Activation; kwenye Windows 10 pita Update & Security kisha Activation. Bofya Change product key, uweke zile herufi 25. Kama winver ilisema Pro na ufunguo ni wa Pro, itakubali mara moja ukiwa na intaneti. Kama winver ilisema Enterprise, huenda ufunguo ukakataliwa, na hapo kupiga window upya ni sahihi kabisa. Lakini ipigwe kwa nakala ya Microsoft, ile inayotengenezwa na Media Creation Tool kutoka kwenye tovuti yao, kwenye flashi ya GB 8 au zaidi. Ni gigabaiti kadhaa za kupakua, kwa hiyo tafuta mahali penye intaneti ya waya badala ya kumaliza bando lako. Wakati wa kuiweka, programu inasoma ufunguo ulio kwenye chipu na kuchagua toleo yenyewe. Ikipita bila kukuuliza uchague Home au Pro, ni ishara nzuri. Mlipe fundi kwa kazi hiyo bila kinyongo, ni kazi halali na inachukua muda wake.

Tahadhari moja kuhusu kompyuta za zamani. Funguo za enzi za Windows 7 na 8 zilikuwa zikikubalika kwa miaka mingi kufungulia Windows 10. Septemba 2023 Microsoft walitangaza kuifunga njia hiyo. Lakini kompyuta iliyokuwa imeshapata leseni ya kidijitali ya Windows 10 au 11 kabla ya hapo inabaki nayo, kwa sababu leseni ya aina hiyo inakumbukwa kwenye seva zao kwa alama za bodi kuu. Kwa hiyo hata ukipata mstari mtupu na stika hakuna, bado inafaa kujaribu nakala safi ya toleo la Pro kabla ya kununua leseni mpya.

Kuhusu wizi. Fundi amechanganya mambo mawili, nawe yamekuumiza bila sababu. Leseni ya ofisi kubaki kwenye kompyuta iliyouzwa si uthibitisho kwamba kompyuta imeibwa. Kuna dalili nyingine ya kuiangalia: ingia Settings, Accounts, kisha Access work or school. Ukikuta jina la kampuni usiyoijua, au baada ya kupiga window upya kompyuta ikikudai barua pepe ya kampuni fulani, basi bado imo kwenye orodha ya vifaa vya kampuni hiyo. Hapo chukua risiti, rudi kwa muuzaji, udai abadilishe. Kama hakuna kitu kama hicho, wewe ni mnunuzi uliyenunua dukani kwa nia njema. Ni kweli kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na leseni ya KMS si ya nyumbani. Lakini unalirekebisha jambo hilo kwa kurudi kwenye leseni ya kompyuta yako mwenyewe. Huna cha kuonea aibu, Mwalimu. Aliyejua alichokuwa anafanya ni yule aliyekuuzia leseni ya kuchakachua bila kukuambia.

Word ni habari nyingine, kwa sababu leseni ya Office haina uhusiano na ile ya Windows. Fungua Word, bofya File kisha Account, usome upande wa kulia. Mara nyingi utakuta ni toleo la majaribio. Wakati mwingine inasema imeshaidhinishwa, lakini mstari wa njano hauondoki. Hapo kuna leseni mbili zinazogongana, ya majaribio iliyokufa na nyingine iliyo hai. Fundi anaweza kuiondoa iliyokufa kwa amri za ospp.vbs, faili ya Office ya kusimamia leseni, bila kugusa faili zako. Tofauti na Windows, Office isiyo na leseni huishia kukuruhusu kusoma tu, bila kuhariri. Kwa mwalimu wa mitihani hilo ni tatizo kubwa, hasa wiki ya kuchapa. Kama hutaki kulipia, weka LibreOffice. Ni ya bure kihalali, inafungua faili za Word na kuzihifadhi kwa muundo uleule. Ninachokuomba ni kukagua majedwali, mafungu ya hesabu na picha kabla ya kupeleka kuchapisha, kwa kuwa huwa yanasogea kidogo, na swali lililokatika katikati ya kurasa mbili linamwonea mtoto.

Yapo pia maonyo ya leseni ambayo ni ya uongo kweli ingawa hakuna tapeli, na nayataja kwa faida ya wasomaji wengine. La kwanza ni saa. Kwenye kompyuta za mezani hasa, betri ndogo ya duara iitwayo CR2032 ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka nyuma. Programu zinaona leseni "haijaanza", kivinjari kinakataa tovuti za benki, na mtu anadhani ana virusi. Ukiona tarehe ya kompyuta haifanani na ya simu yako, nunua betri hiyo, haina bei, halafu uchague majira ya Nairobi kwenye mipangilio ya saa, ndiyo yetu pia.

La pili ni hitilafu za Microsoft wenyewe. Tarehe 8 Novemba 2018 seva zao ziliwaambia wenye Windows 10 Pro halali kwamba hawana leseni. Januari 2019 kompyuta za Windows 7 zilizosajiliwa kwa KMS ziliandikiwa kwamba nakala zao si halisi, na Agosti 2007 wenye Windows XP na Vista halali waliitwa wezi wakati seva za uhakiki zilipopata hitilafu. Kwa hiyo kama slmgr /dli inakuonyesha OEM_DM au RETAIL, hujabadilisha kitu, na onyo limezuka ghafla, bofya Troubleshoot kwenye ukurasa wa Activation, kisha uipe siku moja au mbili kabla ya kumwita mtu.

Na kama kompyuta yako ni ya Windows 10, usichanganye haya na tangazo kwamba msaada umekwisha. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, lakini leseni yake haikufa siku hiyo. Kwa matumizi ya nyumbani kuna utaratibu wa kujiandikisha ili upate masahihisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, kwa hiyo mpakato mwingi wa mtumba hautaipokea.

Anza na flashi, kisha futa arifa za kivinjari, kisha nitumie picha ya slmgr /dli. Ukikuta neno tofauti na hayo matatu niliyoyataja, liandike herufi kwa herufi pamoja na toleo lililoonekana kwenye winver, na kama kuna namba ya kosa inayoanza na 0x, iandike pia. Kwa fundi, mwambie asubiri mpaka ujue kama kompyuta ina ufunguo wake. Akisema hana haja ya kuujua, tafuta fundi mwingine.